Watoto wa Darasa la Tano Wapima Ekari

Mwezi huu watoto wa darasa la tano, ambalo siku hizi huitwa Gredi ya Tano, katika shule moja ya msingi huku Kinangop wamekuwa wakijifunza kupima ardhi. Hawakujifunza ubaoni tu. Walitoka nje na kamba, vigingi na madaftari, wakapima uwanja wa mpira, wakapima shamba la shule la viazi, na mwishowe wakatumwa kupima mashamba ya kwao nyumbani. Labda wewe mwenyewe ulimwona mtoto wako akipita kando ya kabichi huku akihesabu kwa sauti, ukamwambia aache mchezo akalete maji. Ikiwa ni hivyo, tafadhali soma habari hii, kwa maana katika hesabu ile ya mtoto mna fedha zako.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Si bwana shamba, wala sitajifanya bwana shamba. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu wa darasa hili aliponialika nije nitazame, nilikwenda mara tatu. Kazi yangu ni kuandika yale mnayotuambia: Mzee fulani, ekari tatu za viazi, Mama fulani, ekari moja ya viazi na nusu ekari ya majani ya ng'ombe. Tena mashauri yote yanayotoka kwetu hutolewa kwa ekari. Mbolea ni kilo kadha kwa ekari, mbegu ni magunia kadha kwa ekari, dawa ya kunyunyizia ni kiasi fulani kwa ekari. Basi ikiwa ekari yenyewe si ekari, mashauri hayo yameharibika kabla hujatoka mlangoni kwetu.

Skimu zetu za makazi zilipoanzishwa katika miaka ya 1960, kila shamba lilipimwa na wapima ardhi, na mawe ya mpaka yakawekwa. Ukubwa wa shamba zima umeandikwa, na haubadiliki kwa maneno ya mtu. Lakini ndani ya shamba hilo, tangu wakati wa babu mpaka leo, mmegawa vipande vya viazi, vya ng'ombe, vya kukodisha, na vya watoto waliooa. Vipande hivyo ni nani aliyevipima? Wengi wenu mtajibu kwamba mlipima wenyewe, kwa miguu.

HATUA SABINI

Huku kwetu mtu akitaka kupima ekari hupiga hatua 70 upande mmoja na hatua 70 upande wa pili. Desturi hii ina asili yake, wala si ya kuchekwa. Ekari ni yadi za mraba 4,840. Sabini mara sabini ni 4,900. Kwa hiyo kila hatua ikiwa yadi moja kamili, yaani sentimita 91 na kidogo, hesabu inatosha kabisa. Shida ni kwamba hakuna mtu anayetembea kwa yadi.

Siku ya kwanza niliyofika, mwalimu alikuwa amepima mstari wa mita 50 katika uwanja kwa futi ya chuma ya fundi, akapiga kigingi huku na kigingi kule. Kila mtoto akaupita mstari huo akihesabu hatua zake. Mmoja alipata 74, mwingine 81, mwingine 93. Mwalimu mwenyewe alipata 66. Waliporudi darasani aliziandika namba zote ubaoni, akauliza ni nani kati yao aliyedanganya. Watoto walitazamana. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Hakuna, Mwalimu. Ni miguu."

Jibu hilo lilinipendeza kuliko mengi niliyoyasikia ofisini.

Sasa fuata hesabu waliyoifanya. Mtu mzima anayetembea kwa kawaida hupiga hatua ya kama sentimita 75. Hatua zake 70 ni mita 52 na nusu, si mita 64. Ukizidisha 52.5 kwa 52.5 unapata mita za mraba 2,756. Ekari nzima ni mita za mraba 4,047. Maana yake ni kwamba "ekari" ya mtu huyo inakaribia thuluthi mbili za ekari, na thuluthi moja imepotea bila mtu yeyote kuiba.

Tuseme mwenye trekta amekulimia ekari tatu za namna hiyo, naye hutoza shilingi 4,000 kwa ekari. Unampa shilingi 12,000. Kazi aliyoifanya kweli ni ekari mbili na kidogo sana. Umetoa zaidi ya shilingi 3,800 kwa ardhi ambayo haikulimwa kwa sababu haipo. Simwiti mwenye trekta mwizi. Pengine miguu yake ni mifupi. Lakini nimeona kwamba mwenye trekta anapopima, hatua huwa fupi, na mwenye kukodi shamba anapopima, hatua huwa ndefu ajabu.

Jambo hilo la pili lilitokea mwezi huu huu. Mvulana mmoja wa darasa hili anaishi na mama yake, ambaye ni mjane. Mama huyo amekuwa akikodisha kipande cha shamba kwa misimu kadhaa kwa jina la ekari mbili. Aliyekipima ni mkodi mwenyewe: hatua 70 upana na hatua 140 urefu, naye ni mtu mrefu. Mtoto alipoleta daftari lake shuleni, kipande kilikuwa mita 68 kwa mita 138. Mwalimu alimrudisha apime tena pamoja na wenzake wawili, na namba zikawa zile zile. Zidisha wewe mwenyewe: ni mita za mraba 9,384, yaani ekari mbili na karibu thuluthi moja.

Mama hakugombana. Alimwita mkodi, akamwomba mzee wa kijiji awepo, wakapima mara ya tatu mchana kweupe. Mkodi alikubali namba, ila alisema fedha za misimu iliyopita zimekwisha kulipwa kwa mapatano na yeye hawezi kurudi nyuma. Mzee wa kijiji aliona maneno hayo yana haki kidogo. Mama hakuona hivyo. Mpaka ninapoandika habari hii hawajapatana juu ya ile misimu ya zamani, lakini msimu ujao utalipiwa kwa mita, na karatasi imekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi.

KUTENGENEZA KAMBA

Kamba ya darasa ni ya katani, urefu wake mita 20. Kila mita moja kuna fundo, na kila mita tano kitambaa chekundu kimefungwa. Mafundo yalipimwa kwa futi ya chuma baada ya kufungwa, si kabla, kwa sababu kila fundo hula kamba. Watoto watatu hushika kazi: mmoja mbele, mmoja nyuma, na wa tatu na daftari. Wa mbele hupiga kigingi kila kamba inapokwisha, wa nyuma hukiokota anapofika. Vigingi alivyo navyo wa nyuma ndizo kamba zilizokwisha kupimwa, hivyo hapana nafasi ya kusahau hesabu katikati ya shamba mtu akikusalimu.

Waligundua jambo moja ambalo si watu wazima wengi wanaolijua. Asubuhi moja kamba iliachwa kwenye umande. Walipopima shamba la shule saa mbili, likawa kubwa kuliko walivyolipima jana yake mchana. Walibishana sana. Hatimaye waliinyosha kamba kando ya futi ya chuma, wakaona imepungua kwa zaidi ya shibiri moja. Katani ikilowa hufupika, na kamba fupi hufanya shamba lionekane refu. Kamba ya nailoni nayo ina tabia yake, huvutika ukiikaza. Kwa hiyo kamba yoyote ile, ilinganishe kwanza na futi ya chuma kabla hujaiamini, na ushike kwa nguvu ile ile kila mara.

Pembe za shamba huhitaji uangalifu vilevile. Ukiwa na kamba na vigingi vitatu unaweza kupata pembe mraba bila chombo kingine. Pima mita 3 kwa upande mmoja kutoka penye kona, na mita 4 kwa upande wa pili. Umbali kati ya vile vigingi viwili vya mwisho ukiwa mita 5 kamili, kona yako ni mraba. Ukizidi au ukipungua, kona imepinda, na kuzidisha upana kwa urefu hakutakupa jibu la kweli. Shamba la pembe tatu nalo lisikutishe: pima upande mmoja, kisha pima kutoka upande huo kwenda moja kwa moja mpaka kona ya mbele, zidisha, gawanya kwa mbili. Upande wa mita 80 na kimo cha mita 45 ni mita za mraba 1,800, nayo haifiki nusu ekari. Shamba lililopinda ovyo ligawe kwa vipande vya pembe tatu, ujumlishe.

Wale mnaoishi mitelemkoni, shikeni kamba iwe bapa, sambamba na upeo wa macho, hata ikibidi aliye chini aiinue mpaka kifuani na kupima vipande vifupi vifupi. Ramani hupimwa kwa ubapa. Mtelemko mkali unaopanda mita 3 kwa kila mita 5 za kamba iliyolala chini, ubapa wake ni mita 4 tu.

WAYA MMOJA, MASHAMBA MAWILI

Somo ambalo ningependa kila mzee mwenye wana aliyaone kwa macho lilifanyika wiki ya tatu. Mwalimu aliwapa watoto kamba ya mita 24 iliyofungwa ncha kwa ncha. Kwanza watoto wanne waliishika kwa kona nne wakafanya mraba wa mita 6 kwa 6. Darasa zima likaingia ndani, likakaa kwa raha. Kisha walivuta kamba ile ile wakafanya kipande cha mita 10 kwa mita 2. Darasa likajaribu kuingia tena. Walisukumana, wakacheka, wengine wakabaki nje.

Kamba ni moja, lakini ya kwanza ilizunguka mita za mraba 36, na ya pili 20 tu. Ukiivuta zaidi, mita 11 kwa mita 1, inabaki 11.

Utasema huo ni mchezo wa watoto. Basi fikiri juu ya mzee anayewagawia wanawe wawili. Mmoja anampa kipande cha mita 60 kwa 60, mwingine anampa ukanda wa mita 100 kwa 20 ulioshuka kutoka barabarani mpaka mtoni. Kila kipande kinazungushwa kwa mita 240 za waya wa seng'enge, na watu huona ni sawa kwa sababu waya ni sawa na siku za kuchimba mashimo ya nguzo ni sawa. Lakini wa kwanza amepata mita za mraba 3,600 na wa pili 2,000. Pengine mzee alikuwa na sababu, kwa kuwa ardhi ya mtoni ina maji na ya barabarani ina duka. Hiyo ni haki yake kuamua. Lakini aamue akijua, na wanawe wajue, kwa maana ndugu wanaojifunza hesabu hiyo baada ya mazishi huijifunza mahakamani.

Hapa nataka kutia neno juu ya wale wanaouza vijiploti karibu na masoko. Ploti ya futi 50 kwa 100 tumezoea kuiita sehemu moja ya nane ya ekari. Siyo. Ni futi za mraba 5,000, na moja ya nane ya ekari ni 5,445. Ekari nzima ni futi za mraba 43,560. Ukiuza ploti nane za namna hiyo umeuza 40,000, na zile 3,560 zinazobaki ni zako, au ni za njia kama mlikubaliana hivyo. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Tena, hati za mashamba yetu huandika hekta, na sisi husema ekari. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100, nayo ni karibu ekari mbili na nusu. Hati ikisema 2.02, si ekari mbili, ni tano. Watoto waliambiwa wawaombe wazazi wasome namba hiyo pamoja. Wazazi wengine walikataa kutoa hati, na siwalaumu, hati si kitabu cha kubebwa na mtoto. Isome tu wewe mwenyewe, umtajie namba.

KWA WALIMA VIAZI

Shauri la kawaida la viazi ni mifuko minne ya kilo 50 ya DAP kwa ekari. Ukitia mifuko hiyo minne katika "ekari" ya miguu, ile ya mita za mraba 2,756, umezidisha mfuko mmoja na robo. Viazi havitakushukuru kwa huo. Na ukiwa na kipande kikubwa kuliko unavyodhani, mbolea na dawa zitapungua, halafu utakuja ofisini kusema dawa ya duka fulani ni maji.

Mbegu nazo watoto walizihesabu. Viazi vikipandwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya shina na shina, ekari kamili huchukua mashina kama 18,000. Kiazi cha mbegu kikiwa na uzito wa gramu 50, hizo ni kilo 900, yaani magunia 18 ya kilo 50. Ile ekari ya miguu huchukua mashina kama 12,250. Hivyo mkulima aliyenunua magunia 18 kwa kipande hicho hubaki na magunia matano na zaidi mkononi. Wengine huyabana humo humo, shina juu ya shina, kisha huvuna viazi vidogo na kulaumu mbegu.

Jambo la mwisho la mapato: mtu akisema amevuna magunia 60 kwa ekari, sisi makarani huandika tu. Lakini kama ekari yake ni thuluthi mbili, shamba lake ni zuri kuliko anavyojua, na kama yake ni moja na robo, ana kazi ya kufanya. Bila kipimo hawezi kujua ni lipi.

Wiki ya nne walipima maziwa kidogo. Nitalitaja kwa sababu wengi wenu hukama. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Ukipeleka lita 20 kila siku mahali wanapolipa kwa kilo, kwa siku 30 mizani yapaswa kusoma karibu kilo 618, si 600. Usiende kugomba, kwa maana povu kwenye debe hudanganya. Nenda na kipimo chako, maziwa yakiwa yametulia, ukaulize kwa upole.

KAMBA SI SHERIA

Nilimsihi mwalimu awaeleze watoto jambo hili, naye aliwaeleza mara mbili, nawe nakueleza. Kamba ya shule ni ya kupima kazi ndani ya mpaka wako: kulima, kupanda, kunyunyizia, kukodisha. Haisogezi mpaka. Ukipima ukaona shamba la jirani limekula mita mbili zako, usiguse jiwe la mpaka wala usiruhusu mtu aliguse. Kung'oa au kuhamisha alama za mpaka ni kosa kwa sheria. Ugomvi wa mpaka hupelekwa kwa msajili wa ardhi, naye hutazama ramani pamoja na mpima ardhi wa serikali. Na wanaotaka kugawa shamba kwa hati wahitaji mpima ardhi mwenye leseni, hata kama mtoto wao ni hodari namna gani.

Kulikuwa na wazazi watatu waliokuja shuleni kulalamika kwamba watoto wanafundishwa kuchungua mali ya wakubwa. Mwalimu mkuu aliwakaribisha, akawapa kamba, wakapima uwanja pamoja na watoto. Wawili walikwenda zao wakiwa wametosheka. Wa tatu bado hapendi, na mtoto wake amepewa shamba la shule kulipima badala ya la nyumbani. Naona hilo ni sawa.

Mwezi ujao darasa litapima mvua kwa mkebe wenye kuta zilizonyooka, uliowekwa mahali pa wazi mbali na miti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 6 kwa 5 hupokea lita 300 mvua ya milimita 10 ikinyesha. Aliye na tangi na mfereji aanze kufanya hesabu sasa.

Mwalimu mkuu amekubali kamba mbili zitolewe kwa wazazi siku za Jumamosi. Uje na mtoto wako, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuitumia, uandike jina katika daftari la mlangoni, na uirudishe Jumatatu asubuhi ikiwa kavu.